Zulia Begani

Leo nimeanika zulia lililolowa, na harufu yake imenitia ganzi begani.

Nilipokuwa mtoto, mafuriko ya Kilombero yalipopungua, tulishusha kutoka mezani zulia tulilolikunja kuliepusha na maji. Mama alitangulia, mimi nyuma, ncha begani, unyevu ukinigusa shavu. Tukiwa mlangoni, kitu kikajivuta ndani yake. Mama akageuka, akaona mkia wa nyoka umejitokeza upande wake. Kichwa kilikuwa kwangu.

"Mwanangu, achia polepole. Usikimbie."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeshika."

Nikarudi nyuma hadi ukutani. Mama akalikumbatia zulia, akalibana kwa nguvu, akamwita jirani aje na panga. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anaomba chumvi. Khanga yake ndiyo ilikuwa inatetemeka.