Kikombe Mezani kwa Wakusanya Madeni

Mjini Irbid, Nofa mama wa Ghaith alijulikana kwa mambo mawili: sare za shule alizoshona, na ukaidi. Sare huchakaa baada ya mwaka.

Alipotimiza miaka sitini na mitatu, kampuni ya simu ilimletea bili ya dinari mia na kumi na nne, ya laini iliyosajiliwa Akaba, mji ambao hajawahi kuukanyaga. Alipokwenda kulalamika aliambiwa, kwa upole mwingi, kwamba deni limekwisha kuuzwa kwa wakusanya madeni, na kampuni haijishughulishi tena na ukweli wake.

Wakusanya madeni hawakumpigia yeye. Walimpigia kaka yake, wifi zake watatu, na baba wa binti ambaye Ghaith alikuwa amemposa. Kaka akamsihi alipe yaishe. Nofa akamjibu kwamba kulipa ni kukiri, na mtoto wa mama aliyekiri udanganyifu hapewi binti wa watu.

Jumapili asubuhi akapanda ghorofa ya tatu hadi ofisini kwao. Meneja, Bwana Mijwil, alikuwa mtu wa ukoo wenye kujiheshimu. Kando ya kompyuta aliweka dele la kahawa chungu. Akammiminia. Nofa akapokea kikombe, akakiweka mezani.

Kwa desturi ya huko, mgeni anayeweka kahawa chini bila kuinywa ana haja, na mwenyeji asiyemtimizia, jina lake litatembea mjini kabla ya adhuhuri.

"Kunywa, mama. Hapa ofisini, si barazani."

"Basi ungenipa maji, mwanangu. Dele umeliweka wewe."

Meneja akampunguzia nusu ya deni. Nofa akatazama kikombe. Akampunguzia robo tatu. Mteja mmoja aliyekuja kulipa deni lake akarudisha pochi mfukoni ili asikilize vizuri.

"Sikuja kupatana bei, hizi si nyanya. Fungua faili."

Faili likafunguliwa. Kitambulisho kilichomo kilikuwa cha Nofa mwingine, aliyezaliwa miaka ishirini na mitano baada yake. Mijwil akafuta deni, akapiga muhuri, akamimina kahawa mpya. Nayo ikawekwa chini.

"Kuna nini tena, mama?"

"Mlipiga simu tano kunichafua. Piga tano za kunisafisha, uanze na mkwe. Nakusikiliza."

Akapiga. Kwa baba wa binti ilibidi arudie mara mbili, maana mzee yule husikia kwa shida habari njema. Simu ya tano ilipokwisha, Nofa akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kwamba inatosha, akamwambia meneja iliki imezidi.