Sauti ya Chiriku Kwenye Kibao

Mwalimu mpya wa vifaa amenisumbua mpaka nimemchoka. "Bibi, andika habari za mwanao, wazazi wasome kwenye kijitabu cha shule." Kwani mwanangu hana mikono? Si aandike mwenyewe, ndiye aliyesoma! Mwanangu naye kanisukumia kalamu, kaenda zake. Haya. Nitaandika ninavyojua mimi, na atakayetaka kunisahihisha herufi abaki kwao.

Mwanangu huyu ni kitinda mimba. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno, na hakunyamaza. Alipokua akapata kazi iliyomfaa: kuzunguka mashuleni na begi la vifaa vya wanafunzi wenye ulemavu. Huyu kioo cha kukuza maandishi, yule meza inayopitisha kiti cha magurudumu, na wale ambao ulimi haukuwatii, kibao cha kusemea. Kibao chenyewe kina vitufe vya picha. Mtoto akibonyeza picha ya kikombe, kinasema, "Nataka maji." Lakini hakisemi kwa akili yake. Lazima mtu ayatie maneno kwanza, kwa sauti yake mwenyewe. Mtu huyo alikuwa Chiriku.

Alirekodia chumbani kwangu, maana ndicho chenye mapazia mazito. Nizime redio, nisikohoe, nisiburute ndala. Anajifunika blanketi gubigubi, anarudia neno moja mpaka limkae sawa. Siku moja jirani akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa ukuta.

"We jirani! Mwanao anaumwa tumbo? Tangu asubuhi anataka choo!"

"Yuko kazini!"

"Kazi gani hiyo ya kutangaza choo!"

Tulicheka mpaka kurekodi kukaharibika, Chiriku akanitoa nje ya chumba changu mwenyewe.

Kisha koo likaanza kumwuma. Tukadhani ni maneno mengi. Kumbe uvimbe. Madaktari walimponya, sikatai, nawashukuru; ila walipoutoa, sauti ikaenda nao. Mwanangu yupo, anakula, anafua, ananinunia. Akinihitaji anapiga makofi kama anafukuza kuku, nami naenda. Lakini mtu aliyezoea kuitwa Mama kutwa nzima, kwa sauti ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, makofi hayamtoshi. Nilikuwa nikisimama jikoni na mwiko mkononi, nangoja niitwe, mpaka chakula kinaungua.

Ndipo nikakumbuka vibao. Kila kibao kina picha ya mama. Nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikaenda shuleni. Mwalimu mpya akashika kichwa.

"Bibi, tumevifuta. Siku hizi vina sauti yangu. Ninachojua kimebaki ni kimoja tu, kwa yule mama fundi cherehani. Binti yake kakataa kukirudisha."

Nikaenda kwa fundi. Binti alikuwa amekaa mkekani, kibao mapajani, pembe moja imefungwa kwa utepe. Nikasema nilichofuata: nataka kibao hicho, sauti ni ya mwanangu, nimeizaa mimi.

"Bibi," fundi akasema, mguu bado uko kwenye cherehani, "mwanao namheshimu. Lakini mimi sauti nyingine ya mtoto wangu siijui. Ananiita kwa hiyo. Wamempa kipya, hakigusi. Ukiondoka nayo, mimi nitaitwa na nani?"

"Na mimi je?"

"Nitakurekodia kwenye simu."

"Sitaki kusikilizishwa. Nataka kuitwa."

Akamgeukia binti. "Haya, mbonyezee bibi. Bonyeza Mama."

Mtoto akanitazama juu mpaka chini. Akamtazama mama yake. Akatikisa kichwa. Akabonyeza kitufe kingine, na Chiriku wangu akasema waziwazi, "Bibi."

Mimi simbembelezi mtu, lakini siku ile nilibembeleza. "Mara moja tu, mjukuu wangu."

Akabonyeza tena. "Usinisukume!"

Fundi akajikaza asicheke, nami nikajikaza nisilie. Wote wawili tulishindwa.

Nikapewa kigoda na maji ya kunywa. Fundi akarudi kushona. Mtoto alikuwa anachezea vipande vya vitambaa, uzi ukamzonga vidole. Bila kunitazama, akabonyeza.

"Mama."

"Abee!" Nilikuwa mimi. Niliitika kabla ya mwenyewe.

Cherehani ikasimama. Fundi akangoja, kama anayempisha mtu mlangoni, ndipo na yeye akasema taratibu, "Abee, mwanangu," akainuka kumfungua uzi.

Kibao nilikiacha. Nilipomsimulia Chiriku nyumbani, midomo yake ikanambia, "Si yangu tena ile, Mama." Nikamwambia anyamaze.

Basi nyinyi wazazi mnaosoma hapa: mwanangu alizunguka shule nyingi, na huyu mwalimu hazijui zote. Fungueni makabati. Kibao cha zamani ambacho mtoto kaachana nacho msikifute, wala msikitoe betri mkazitia kwenye rimoti. Bonyezeni picha ya mama. Mkisikia mkwaruzo mwishoni, nileteeni. Na kama mtoto bado anakitumia, kaeni nacho, ni chake. Ila nikija kubisha hodi, mnifungulie, mnipe pa kukaa.