Pikapu ya Tisa

Mamkubwa Verlene ni msusi huku kwetu Kentucky, na nyimbo zake anaziandika nyuma ya kalenda ya saluni. Mimi ndiye ninayezipiga picha kwa simu kabla hajazitupa, maana huyu mama anatupa! Fupi, maneno ya kawaida kabisa, lakini ukisoma unabaki umeganda. Nimejiuliza mara mia, inakuwaje?

Basi nikamwandikisha kimyakimya kwenye usaili Nashville, kwenye ukumbi mmoja wa muziki wa kantri wanamoimba watunzi wenyewe. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaenda kununua nyuzi mpya za gitaa. Ana miaka hamsini na nane, na hajawahi kumwimbia mtu asiyekuwa na rola kichwani!

Sharti la usaili: ubeti mmoja tu, unashuka. Hakuna anayekuuliza kitu. Wakikupenda, unapewa Jumatatu moja uimbe nyimbo zako nzima.

Alitaka kuimba wimbo wa bibi, mama yake, aliyepotewa na kumbukumbu. Kaka yangu Dwight akaukataa.

"Mamkubwa, nani anataka habari za kuosha nywele? Weka pikapu. Weka wiski. Kantri ndiyo hiyo."

Mamkubwa akaandika mwingine, akaviweka vyote viwili. Mama wa kanisani, hata harufu ya bia haijui!

Siku yenyewe tukakaa kwenye foleni ya magitaa. Wa kwanza kaimba pikapu. Wa pili pikapu na wiski. Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mamkubwa, hiyo ya nane."

"Nyamaza wewe."

"Yako itakuwa ya tisa."

Akanitazama. "Na mimi pikapu ya gia hata kuiwasha siwezi," akanong'ona. Tukacheka mpaka dada wa mlangoni akatutolea macho.

Akaitwa. Akapanda na gitaa lake. Nikasubiri pikapu, haikuja. Akaimba wa bibi:

*Mama kaja saluni, kakaa kitini,*
*nikamwosha nywele, hakunijua.*
*Akasema, "Dada, una mkono laini.*
*Nami nina binti, kazi hii anaijua."*

Akaacha hapo, kama sharti linavyosema. Bwana wa usaili kalamu imemning'inia.

"Halafu ukamwambia nini?"

Ukumbi mzima ukageuka. Yule bwana haulizagi!

"Hiyo ipo ubeti wa pili, baba," Mamkubwa akasema. "Na nyie mmetaka mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Bwana naye akacheka, akaandika jina lake. "Basi Jumatatu ijayo njoo nao huo wa pili."

Kwenye gari nikafungua simu, nikazipitia picha zote. Ubeti wa pili sikuuona.

"Mamkubwa, kwani upo?"

"Haupo. Nitauandika kesho nikipata mteja mpole."

"Sasa bibi ulimjibu nini kweli?"

"Nikamwambia, hebu nihadithie huyo binti yako. Akanihadithia mpaka nywele zikakauka."