Wanawake Wawili Korongoni

Daktari alimwonya Elinipendo kabla ya upasuaji wa rovu kwamba sauti inaweza kupotea. Alikubali, kwa kuwa uvimbe ule shingoni ulikuwa ukimkaba kila akilala. Ukatolewa, na sauti ikaenda nao. Akabaki na mkwaruzo, kama mtu mwenye mafua yasiyopona.

Kule Machame alijulikana kwa sauti hiyo iliyopotea. Miaka kumi na tisa aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika. Jumapili aliyojaribu tena kuimba, mwenzake wa kulia aligeuka kumtazama, na tangu siku hiyo hakurudi kwaya. Ilikuwa mwaka 1992. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na mumewe Eliakim aling'oa mibuni nusu ya kihamba, shamba lao la nyumbani, apande nyanya. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyumba ilinyamaza.

Siku moja mchana, baada ya masika, Elinipendo alishuka korongoni kukata majani ya ng'ombe. Mto ulikuwa umejaa, unanguruma kiasi kwamba hata yeye hakuweza kujisikia. Akaguna. Akaguna tena, kwa nguvu zaidi, bila wimbo wala neno. Mabega yakaanza kwenda yenyewe, kisha kiuno, akayumba kama ilivyoyumba migomba ng'ambo, huku machozi yakimtoka. Aliporudi nyumbani alilala bila vidonge vya usingizi, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Basi akawa anashuka kila Jumatano na Jumamosi. Wifi yake, Yuditha, aliyezika watoto wawili wakubwa ndani ya mwaka mmoja kwa ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, alimfuata siku moja akamkuta.

"Wifi, unafanya nini huku?"

"Sijui. Jaribu na wewe."

Yuditha alivua ndala, akaingia majini mpaka magotini. Akainama, akapiga maji kwa viganja, na sauti iliyomtoka ilimtisha Elinipendo. Hakumzuia. Kwa miezi mitano walishuka pamoja, kila mmoja kwa namna yake, bila kutazamana. Yuditha alianza tena kula.

Kisha mtu akapeleka habari kanisani kwamba wanatambika mtoni. Mzee wa kanisa Eliamini alifika kwa heshima zote, akapewa kiti, akauliza wanaomba nini huko. Eliakim alikaa pembeni, macho chini.

"Hatuombi kitu, mzee," Elinipendo alisema kwa mkwaruzo wake. "Tunalia tu."

"Si mlie kanisani?"

"Kanisani natakiwa kuimba."

Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba wakiendelea, baraza la kanisa halitakuwa na njia ila kuwatenga. Yuditha alitaka kuzikwa na mchungaji, kando ya watoto wake, kwa hiyo aliacha siku ileile. Akarudi kukaa jikoni, mikono mapajani, sahani ikipoa mbele yake. Alifariki kabla ya vuli ya mwaka uliofuata. Alizikwa na mchungaji, kwaya ikaimba, na Elinipendo akasimama nyuma na wanawake wengine, midomo imefungwa.

Wiki mbili baadaye alishuka peke yake. Maji yalikuwa yamechepushwa huko juu kumwagilia nyanya, mto ukabaki wa kuruka kwa hatua moja. Alipoguna, mtu aliyekuwa akilima ng'ambo aliacha jembe akamkodolea macho. Elinipendo akakata majani yake, akapanda kurudi nyumbani.

Eliakim alimpokea mzigo kichwani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akamwambia kwamba kule juu, ukingoni mwa msitu, maji bado yananguruma.

"Ni mbali," alisema Elinipendo.

"Ni mbali kweli," alijibu mumewe.

Elinipendo alikwenda huko mara moja, mwezi wa pili, akarudi jioni akichechemea. Goti halikumruhusu kupanda tena.