Fyuzi Mbili za Mnunuzi wa Pamba

Mimi nikikasirika sipigi kelele. Nanyamaza, halafu nasubiri. Yule mnunuzi wa pamba hakulijua hilo.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wameruhusiwa, chama cha ushirika hakiko peke yake tena. Huyu aliyekuja kwetu Nkoma alikuwa na gari la vioo vya umeme. Mfupi yule, lakini anabonyeza kitu, kiti kinarudi nyuma, kinalala kama kitanda, naye humohumo ndani anazipanga pamba za watu. Hii safi, hii fifi, ya bei ya chini.

Yangu nilikuwa nimeichambua kwa mikono yangu, na siku ya kuuza mama mkwe kasimama nami foleni. Mnunuzi akachungulia tu, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, umetia mchanga gunia liwe zito. Fifi."

"Baba, si ushuke basi uishike."

Akabonyeza, kioo kikapanda mpaka puani kwangu. Nikabaki naongea na sura yangu mwenyewe.

Watu wakacheka. Hilo ningelivumilia. Ila njiani mama mkwe akaniambia, "Kumbe ndivyo ulivyo." Juma zima hakugusa ugali wangu.

Nikasingizia jino, nikaenda Somanda kwa kaka yangu, fundi umeme wa magari. Nikamkuta kajikunja chini ya usukani wa gari la aina ileile.

"Kaka, vioo vinapandishwa na nini?"

"Mota. Lakini fyuzi hii ikitoka, mota haipati umeme, kioo kinabaki palepale kilipo."

"Na kiti?"

"Hii ya jirani yake. Kwani umenunua gari?"

"Bado."

Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Nikamwambia anionyeshe tena, na tena.

Juma lililofuata mnunuzi kaja asubuhi, kalaza kiti, kasinzia, vioo vyote kavishusha kwa joto. Alipoamka akaenda kunywa chai dukani, kiti kakiacha vilevile. Nikapeleka mkono chini ya usukani, nikachomoa fyuzi zote mbili. Zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, tena za rangi nzuri. Nikazifunga kwenye pindo la kanga.

Karudi, kabonyeza kioo, kimya. Kiti, kimya. Lori lake lilikuwa limeshaondoka kwenda kituo kingine, akalifuata hivyohivyo, kakaa ukingoni mwa kiti, breki anaitafuta kwa ncha ya kiatu. Kiangazi kile, vumbi la nyuma ya lori wewe unalijua.

Mchana akarudi kwetu. Nyusi udongo, masikio udongo. Foleni nzima ikamtazama. Nikasogea dirishani, safari hii hapakuwa na cha kunizuia. Nikamsalimu.

"Mwadila, baba. Pole. Naona leo wewe ndiye umetia mchanga."

Nikamkung'uta bega taratibu, ukamwagika. "Kwa uzito huu, wewe ni fifi."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe. Mnunuzi ikabidi ashuke, akazamisha mkono kwenye gunia langu lilelile mpaka kiwikoni, akautoa, akautazama. Hauna hata chembe ya mchanga.

"Safi," akasema chinichini.

"Sema kwa sauti, mama mkwe wangu hasikii vizuri."

"Safi."

Anasikia vizuri sana yule. Jioni alikula ugali wangu, akaongeza na mboga.

Fyuzi sikurudisha. Ziko kwenye kopo langu la vifungo, na siku nikiamka sina raha nazitoa, nazitazama.