Kuku wa Njia ya Mbale

Twaibah wa Bugembe alikuwa na chatu, kenge, kobe wawili na shemeji. Katika hao wote, shemeji ndiye aliyekuwa na sumu.

Mumewe, Kirunda, alipofariki, alimwachia maonyesho ya wanyama waliyokuwa wakiyazungusha pamoja mashuleni, kutoka Jinja hadi Mbale. Arobaini haijafika, Nasur, mdogo wa marehemu, akatangaza mbele ya ukoo kwamba mwanamke hawezi kushika chatu hadharani. Yeye ndiye ataongoza, Twaibah apike na kufagia vizimba. Wakishindwa Mbale, wanyama wauzwe. Ukoo ukaafiki. Twaibah hakuafiki, ila alipanda pikapu kwa sababu mwaliko wa Mbale aliupata yeye.

Nasur alivaa koti kuukuu la marehemu, akiamini chatu atalitambua.

Nyumba ile ilikuwa na mwiko mmoja: siku ya maonyesho hakuna kugusa kuku. Chatu hutegemea harufu kuliko macho, na kuku ndiye chakula chake. Njiani wachuuzi walipoizunguka pikapu na kuku wao wa kuchoma, Nasur akanunua paja. Twaibah akamkataza. Nasur akajibu kwamba yeye hapokei amri kutoka jikoni, akala, akajifuta mikono kwenye koti.

Uwanja wa shule ulijaa. Nasur alifungua sanduku kwa mbwembwe, akanyoosha mkono. Chatu akaudaka na kuanza kuuviringa. Watoto wakatimua mbio, na Nasur, bwana mkubwa, akapiga mayowe. Twaibah akaja na ndoo, akammwagia chatu maji baridi kichwani, akamfungua taratibu akianzia mkiani, akamrudisha sandukuni. Mkono ukatoka umechanika, lakini mzima.

Mwalimu mkuu, Madam Roselyn, akasema basi, yameisha. Askari wa langoni akaamuru nyoka aondolewe. Twaibah akapiga hesabu. Akiondoka sasa, jasho la maisha yake litapigwa bei kabla hajavua viatu.

"Afande, hii nyoka haina makosa," alisema. "Mtu ndiye amekosa. Mimi sitoki hapa mpaka watoto waone kazi yangu."

Madam Roselyn akamwashiria askari asubiri. Twaibah akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akavuta kiti, akakaa kando ya sanduku mpaka chatu alipotulia. Kisha akamwinua, akamlaza mabegani juu ya hijabu. Watoto wakaanza kurudi. Mwishowe hata Madam Roselyn alimgusa nyoka kwa ncha ya kidole, akaalika maonyesho tena muhula ujao.

Wakirudi, Twaibah aliisimamisha pikapu pale pale kwa wachuuzi. Akanunua mapaja mawili, akala la kwanza bila haraka. La pili akampa Nasur, aliyekuwa amefungwa bendeji.

"Kula, shemeji. Kazi imeisha. Tukienda maonyesho ya Buwenge, wewe utafagia vizimba."

Nasur akavua koti kwa mkono mmoja, akamnyooshea. Twaibah hakulipokea. Alimwambia akalifue kwanza.