Kitwitwi Aliyebaki

Jirani yangu Cansilde ni Mrundi mkaidi, nami Byamungu, Mkongo wa Uvira, si mpole. Mashamba tuliyopewa sisi wakimbizi yamepakana kando ya ziwa Nakivale, kwenye tope jeusi linalozaa maharage haraka na kuzama haraka vilevile. Ukivuna mapema unakula maganda. Ukichelewa unalisha samaki.

Kalenda ya Cansilde ni vitwitwi, ndege wadogo wa miguu mirefu wanaodokoa tope. Huja mvua za Septemba zikianza, na Aprili, wakishanenepa, huondoka kwa makundi kwenda Ulaya. Siku chache baadaye ziwa hupanda. Wakiondoka tu, yeye huvuna. Hakuwahi kukosea, hata nikaacha kumtania kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Tulipofika hapa, ukipiga kofi ungedhani tope lote limeruka. Kila mwaka wakapungua. Wengine husema wanawindwa njiani; mimi nadhani ni sisi, maana pale walipokuwa wakila tumepanda maharage. Mwaka huu walikuja wachache mno.

Aprili, shemeji yangu alitoka Nyamitanga, upande wa juu wa mto Rwizi, akasema mto umefurika, na maji yake yote huja kwetu. Nikamkimbilia Cansilde.

“Mama Belyse, vuna! Maji inakuja.”

“Bado. Kamoja kangali pale kwa matete. Kakienda, navuna.”

Chakula cha msaada hakitoshi. Bila maharage yale, Belyse na wadogo zake wangekula nini? Nilikosa raha kabisa. Naye aliogopa, nilimwona: kila asubuhi alisimama akiyakodolea matete macho, ameshika panga. Mimi nilivuna yangu, nusu mabichi, nikinung'unika.

Maji yakaja alfajiri. Tulikuta mistari ya maharage ya Cansilde imezama, tukang'oa mashina kwa kupapasa. Mengi yalikuwa yameshakwenda. Huko kwenye matete tukamkuta kitwitwi juu ya kichaka cha nyasi, akiburuza bawa lililovunjika. Wenzake walikuwa wameondoka zamani. Enzi za makundi, kilema mmoja asingemdanganya mtu.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Badala yake nikamsogezea Cansilde kikapu.

Cansilde alimwokota yule ndege, akamweka ndani ya kikapu juu ya maharage machache yaliyolowa.

“Jirani,” akaniuliza, “mwaka kesho nitaangalia nini?”